Maji yanaingia ndani kila masika: tujaze kifusi, tupige pevingi, au tuuze tuhame?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mhandisi. Tunaishi Tabata, kwenye mteremko wa kushukia mtoni, kama mita 250 kutoka ukingoni. Kiwanja ni mita 20 kwa 20, na bati la nyumba ni kama mita za mraba 120. Zamani maji ya mvua yalipita yakaenda zake. Siku hizi, masika, uani panajaa hadi kibarazani na maji yanakaa siku mbili. Msimu uliopita yaliingia sebuleni yakafika kwenye kifundo cha mguu, na choo kikaanza kurudisha uchafu. Jirani wa juu amejaza kifusi na kuzungusha ukuta. Fundi wetu anasema na sisi tujaze kifusi nusu mita uani, tupige pevingi kote, na maji ya bati tuyaelekeze kwenye shimo la choo kwa sababu lile ni kubwa. Mume wangu anataka tumsikilize. Mimi naogopa tumalize hela halafu maji yarudi. Tufanye nini? Au tuuze tuhame?"

Jibu:

Ndugu yangu, hela zenu zikae kwanza. Kati ya mambo matatu aliyosema fundi, la kupeleka maji ya bati kwenye shimo la choo ni la hatari na lisifanyike kabisa. La kifusi, kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, laweza kuyaleta maji ndani badala ya kuyatoa. Na pevingi uwanja mzima itaongeza maji yale yale mnayoyakimbia. Nitaeleza kila moja, lakini kuna kazi inayotangulia yote hayo, na haina gharama: kujua ni maji gani yanayowaingilia.

Nyumba iliyo mahali kama penu inaweza kufikiwa na maji kwa njia nne. Kuna yanayoanguka juu ya bati na kiwanja chenu wenyewe. Kuna yanayoteremka barabarani na kwa majirani wa juu. Kuna ya mto uliofurika. Na kuna ya ardhini, ambayo hupanda udongo ukishashiba katikati ya masika. Dawa ya aina moja haitibu nyingine, ndiyo maana watu hujenga ukuta wa mamilioni kisha wakaona maji yanachungulia kwenye nyufa za sakafu.

Kuyatambua si kazi ya kifaa. Pakeni alama za rangi kwenye ukuta wa nje, kila sentimita 5 kuanzia chini. Mvua kubwa ikianza, mmoja wenu aandike saa ilipoanza, na kila dakika 15 aandike maji yamefika alama ipi na yanatokea upande gani. Yakijaa ndani ya nusu saa ya kwanza na kuanza kushuka mara mvua inapokatika, hayo ni ya bati na kiwanja. Yakiingia kwa kasi getini au chini ya ukuta wa jirani, ya rangi ya udongo, yamebeba chupa na majani, ni ya barabarani. Yakipanda saa kadhaa baada ya mvua, pengine jua limeshatoka, huo ni mto: Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mvua ya huko huchukua muda kuwafikia. Na mkichimba kishimo kifupi uani mkakuta maji yametulia humo, au sakafu ikatoa jasho na kuvuja kwenye kona bila maji kupita mlangoni, hayo ni ya ardhini. Picha za simu zenye saa zinafaa sana. Mhandisi akipewa karatasi hiyo ya mvua mbili tatu anajua mengi kuliko atakayoyaona akija Agosti mchana wa jua.

Kwa unavyoeleza, nahisi mna zaidi ya aina moja. Maji kukaa siku mbili maana yake hayana pa kutokea, au udongo wa chini umeshajaa hauwezi kumeza tena. Choo kurudisha kunaelekea huko huko.

Umeuliza, kwa namna yake, kwa nini zamani yalipita. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Milioni moja zaidi kwa miaka kumi, na kila familia imeezeka bati na kusakafia uani. Mvua iliyokuwa ikizama kwenye mchanga na vichaka vya huko juu sasa inateremka yote kwa pamoja, tena upesi. Mitaro na makalavati ni yale yale, na mengine yamezibwa kwa mchanga na chupa. Juu ya hapo, hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka hushuka kwa fujo zaidi. Mliyaona ya msimu wa El Niño kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi Aprili 2024. Jirani yenu wa juu amechangia, lakini hata akibomoa ukuta wake leo, hali ya zamani hairudi.

Sasa hesabu ya kiwanja chenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu, inamwaga lita 6,000 kwenye bati lenu na lita 14,000 kwenye mita za mraba 280 za uani. Udongo wa kichanga usioshindiliwa unaweza kumeza robo tatu ya hizo za uani, zikabaki kama 3,500. Jumla ya kutafutiwa njia: lita 9,500. Mkisakafia uani kwa pevingi iliyoungwa kwa saruji, udongo hauoni kitu, na jumla inasogea lita 18,000. Mtakuwa mmelipia karibu mara mbili ya maji. Ikiwa mnataka pevingi kwa ajili ya gari na matope, wekeni njia mbili za magurudumu na ukanda wa kupitia watu, na bloku zilazwe juu ya mchanga na kokoto, viungio vijazwe chenga za kokoto bila saruji. Sehemu nyingine iacheni na nyasi.

Kifusi. Chukueni rula mpime kutoka ardhi ya uani hadi juu ya sakafu ya sebule. Nyumba nyingi zina sentimita 20 hadi 30 tu. Mkijaza nusu mita, uani patakuwa juu ya sakafu kwa sentimita 20 au zaidi, na nyumba itakuwa bakuli: kila tone la uani litaelekea ndani. Udongo pia utafunika ile nailoni iliyotandikwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande, na kuta zitaanza kubanduka rangi na kutoa chumvi hata kiangazi. Na gharama yake si ndogo. Mita za mraba 280 kwa nusu mita ni mita za ujazo 140. Lori linalobeba mita za ujazo 5 lifanye safari 28, na kifusi kikishashindiliwa hunywea, kwa hiyo hesabuni 33 au 35. Kujaza nusu mita kunafaa kabla ya kujenga, msingi ukipanda pamoja na ardhi.

Kinachofaa kwenu ni kuchonga mwinuko, kidogo tu, kuzunguka nyumba: ardhi iteremke sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu kutoka ukutani, kwa udongo mwekundu ulioshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Sehemu ya juu kabisa ya udongo huo ibaki angalau sentimita 15 chini ya ile nailoni ya msingi. Malori mawili matatu yanaweza kutosha.

Kipimo kinachoamua mengine yote ni hiki: je, chini ya mtaro wa barabarani ni juu au chini ya uani kwenu? Mafundi wana mpira mwangavu wa kupimia usawa; mnaujaza maji, mnahakikisha hauna povu la hewa ndani, ncha moja inashikwa kwenye kona ya uani iliyo chini kabisa, nyingine mtaroni. Maji ya ncha mbili hulingana daima, hata kama kati yake kuna nyumba. Pimeni kutoka usawa wa maji kwenda chini kwenye kila ncha. Mtaro wenu wa ndani unahitaji mteremko wa angalau nusu sentimita kwa kila mita, yaani sentimita 10 kwa urefu wa mita 20. Mkiupata, mtaro wa sentimita 30 kwa 30 wenye mfuniko wa zege lenye matundu utatoa maji mengi kwa bei ya kawaida, na watu wengi wanaohangaika na kifusi wangepona kwa hilo peke yake. Mkikuta mtaro wa barabarani uko juu, msiuunganishe: siku ya mvua utageuka bomba la kuleta maji ya barabara kwenu. Hapo mnabaki na kuyahifadhi, kuyazamisha ardhini, au kuyasukuma kwa pampu.

Anzeni na bati, kwa sababu maji yake ni safi, yanajulikana yanatoka wapi na kiasi gani. Gata upande mmoja na upande wa pili, upana wa milimita 125, zikiteremka sentimita 1 kwa kila mita 2, na kila upande uwe na bomba la kushushia la inchi 3 au 4. Tanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya milimita 45 hivi. Likijaa ni tani 5, kwa hiyo likae juu ya zege au mawe yaliyoshindiliwa vizuri, lisiwekwe juu ya kifusi kipya. Kosa ninaloliona karibu kila mahali ni bomba la kumwagia ziada: maji yanaingia kwa inchi 4 na kutoka kwa robo tatu ya inchi. Tanki likijaa linafurika pembeni, linachimba chini yake, linaegemea. Bomba la ziada liwe na upana sawa na la kuingiza, na lielekee mbali na msingi. Ufungeni mdomo kwa wavu wa mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu wake hupenda sana matanki na ndoo za maji safi.

Niseme wazi jambo moja ambalo wauzaji wa matanki hawalisemi. Tanki lililojaa halizuii mafuriko. Mkitaka liwasaidie kwa matumizi na kwa mafuriko pia, wekeni bomba dogo la milimita 20 katikati ya urefu wake, libaki wazi masika yote. Nusu ya chini ni ya kufulia na choo. Nusu ya juu inajiachia taratibu baada ya mvua na kuwa tupu kabla ya mvua ijayo. Mtapoteza akiba, hilo ni kweli. Kiangazi mnaweka kifuniko.

Ziada ya tanki iende kwenye shimo la kunyonyea, ikiwa ardhi itakubali. Hapa ndipo watu hupoteza hela bila kujua. Shimo la kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 1.5 lililojengewa kwa tofali zenye nafasi, tupu ndani, lina nafasi ya lita 1,700. Mkilijaza mawe kama mafundi wengi wafanyavyo, nafasi inayobaki kati ya mawe ni theluthi moja na ushei, yaani lita 600 hivi. Lijengeeni, lifunikeni kwa zege lenye nondo, na kabla yake wekeni chemba ndogo ya kunasia mchanga na majani, la sivyo baada ya misimu michache kuta zake zitazibwa.

Kabla ya kuchimba, jaribuni udongo. Chimbeni kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina kinachokusudiwa, mkijaze maji jioni, mkiache usiku kucha udongo ushibe. Asubuhi mjaze tena sentimita 30 na mpime inachukua dakika ngapi kushuka sentimita 2.5. Chini ya dakika 10, udongo unanywa vizuri. Kati ya 10 na 30, shimo litasaidia lakini polepole. Ikipita saa nzima, ni mfinyanzi, acheni. Jaribio hili lifanyeni Aprili, msilifanye Agosti. Agosti kila shimo la Dar es Salaam linakunywa; masika maji ya ardhini yanaweza kuwa nusu mita tu kutoka juu, na shimo mlilochimba linakuwa kisima. Kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini ya masika pawe na mita moja kavu. Ikiwa haipo, badala ya shimo refu fanyeni bonde la nyasi: eneo la mita za mraba 20 lililoshushwa sentimita 15 linashika lita 3,000 na kuzimeza kidogo kidogo. Maji yasikae humo zaidi ya siku mbili, maana mbu wanahitaji kama wiki kutoka yai hadi kuruka. Shimo lolote liwe mita 5 kutoka msingi wa nyumba na mbali na msingi wa ukuta wa jirani.

Sasa choo. Shimo la choo huonekana kubwa, lakini kazi yake inategemea utulivu: kinyesi kituame chini, maji yaliyochujika yatoke juu kwenda kuzama. Lita 6,000 za bati zikiingia kwa saa moja zinakoroga kila kitu, zinasukuma kinyesi kwenye sehemu ya kuzamia na kuiziba, na kilichobaki kinatoka kwenye chemba hadi uani, kwenu na kwa walio chini yenu. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyopata njia. Kwa sababu hiyo hiyo, msikubali ile tabia ya watu kufungulia mashimo mvua inaponyesha. Ni kosa kisheria, na uchafu huo unaingia kwenye visima na mabomba yaliyopasuka mtaa mzima.

Kwenu ninashauri hivi. Nyanyueni shingo za chemba na mfuniko wa shimo hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji ya juu kabisa mliyowahi kuiona, mfuniko uzibwe kwa saruji au raba, na bomba la hewa libaki juu ya bati. Wekeni valvu ya njia moja kwenye bomba la kutoka nyumbani, ndani ya chemba inayofunguka, kwa sababu kitambaa kimoja kikinasa humo haifungi tena. Muisafishe kabla ya kila msimu. Shimo linyonywe na gari la majitaka Februari, kabla ya masika. Msiite gari katikati ya mafuriko: shimo tupu lililozungukwa na maji ya ardhini linaweza kubomoka kuta, na kama ni tanki la plastiki la lita 3,000, maji yanalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 3 na kuling'oa na mabomba yake.

Mlangoni, kwa maji ya kifundo cha mguu, ubao unaochomekwa kwenye reli mbili za chuma zenye raba, urefu wa sentimita 40 hadi 60, unatosha, pamoja na kuziba matundu ya mabomba na nyaya chini ya usawa huo. Usizidi hapo. Maji yakifika sentimita 60 nje na ndani kukavu, kuta za tofali zinaanza kubeba mzigo ambao hazikujengewa. Afadhali kuyaacha yaingie kuliko ukuta kuanguka. Ukuta wa uzio ndio hatari zaidi. Maji ya kina cha mita moja yanausukuma kwa nusu tani kila mita ya urefu wake, tani 10 kwa ukuta wa mita 20, na uzio wa tofali za inchi 5 usio na nguzo hauna uwezo huo. Mvua ikinyesha watoto wasikae karibu na ukuta wa jirani yenu aliyejaza kifusi, kwani unabeba na udongo wake pia. Soketi za umeme zipandishwe mita moja kutoka sakafuni, na swichi kuu izimwe kabla maji hayajafika, na mtu aliyesimama pakavu. Kama mtanunua pampu ya petroli, iendeshwe nje kabisa. Moshi wake hauna harufu ya kutisha lakini unaua ndani ya nyumba na hata kibarazani.

Hayo yote ni ya ndani ya uzio. Maji ya barabarani hayatatuliwi na nyumba moja. Nendeni kwa jirani wa juu kwanza, kwa heshima, na karatasi yenu ya vipimo, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Mara nyingi anachohitaji ni kufungua njia ya maji ya sentimita 30 pembezoni mwa ukuta wake hadi mtaroni, na mkichangia nusu ya gharama, ugomvi unakwisha bila baraza. Akikataa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji ndio wa kuanzia. Mtaro wa barabara ya mtaa ni jambo la TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Barua yenye picha, vipimo vya kalavati na saini za kaya 15 au 20 inasikilizwa kuliko malalamiko ya simu. Usafi wa mtaro uwe Februari na tena Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, na mchanga ulioopolewa ubebwe siku hiyo hiyo. Ukirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha wote. Pia mjifunze kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa maneno yake: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwenye "tahadhari" tanki linapunguzwa, ubao wa mlango unachomekwa, nyaraka na magodoro vinapanda juu.

Na kuhama? Hapa sitaki kukudanganya kwa faraja. Ikiwa alama zenu zitaonyesha ni mto, hakuna mtaro wala shimo litakaloushinda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ninyi mko mita 250, hivyo hamko ndani ya katazo, lakini mto haujui mita 60, unafuata bonde lake. Msimbazi unachimba kingo zake pia, kwa hiyo pimeni upya umbali huo kila baada ya msimu. Serikali na Benki ya Dunia wana mradi wa bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani na mpango wa kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kujaa maji. Ni hatua ya maana, lakini msiuhesabu kama kinga ya nyumba yenu huko juu. Ulizeni ofisi ya mipango miji ya Jiji kama kiwanja chenu kiko ndani ya mpaka wa mradi, na mtunze leseni ya makazi au hati, risiti na picha za nyumba, maana fidia yoyote huanzia hapo.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Nyingi zilipona na maji, lakini wengine walirudi mjini kwa sababu kazi, shule na soko vilibaki nyuma. Kwa hiyo mkifikiria kuhama, wekeni nauli ya kila siku kwenye hesabu pamoja na bei ya kiwanja. Kigezo changu ni hiki: maji yakiwa ya bati, kiwanja au barabara, kaeni mtengeneze. Yakiwa ya ardhini peke yake, mnaweza kuishi nayo mkibadili choo na kunyanyua sakafu. Mto ukishaingia ndani zaidi ya mara moja ndani ya miaka mitano, au maji yakipita goti, anzeni kupanga kuondoka mkiwa na nafasi ya kuchagua. Na mkiuza, mnunuzi aambiwe ukweli.

Mwiteni mhandisi wa majengo aje mwenyewe, bila kusubiri msimu, mkiona ufa unaoingia kidole kwenye ukuta au unaopanda kwa ngazi kwenye tofali, sakafu iliyobonyea, ukuta wa uzio ulioinama, au ardhi iliyotitia karibu na shimo la choo. Kama mtu nyumbani ana kuhara kwa maji maji baada ya mafuriko, au homa na maumivu ya misuli baada ya kukanyaga maji hayo, muda ni wa kituo cha afya, na daktari aambiwe kwamba alipita kwenye maji ya mafuriko ili afikirie kipindupindu na homa ya mgunda.

Kwa utaratibu wa hela: kwanza alama ukutani na kipimo cha mpira, havifiki bei ya mfuko wa saruji. Pili shingo za chemba, valvu na ubao wa mlango, kwa sababu vinazuia uchafu kuingia ndani mwaka huu huu. Tatu gata na mtaro wa ndani. Tanki na shimo la kunyonyea vifuate baada ya jaribio la udongo la masika. Fundi wenu mtumieni kwa yote hayo. Mpeni michoro na vipimo hivi, na kabla hajafukia kitu chochote mwambieni amwage ndoo mbili za maji kwenye mtaro mkitazama yanaelekea wapi.